Maksai wa Kabula

Nilistaafu msimu wa maharage uliopita. Walimu vijana walioniaga waliniomba niwaandikie jambo lolote kuhusu miaka yangu darasani, nami nikakubali haraka kwa sababu nilidhani nitakuwa na shughuli nyingi na nitapata kisingizio cha kutoandika. Shughuli zenyewe sikuziona. Nyumba yangu hapa Murukulazo ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na kuku wanalala mapema. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Aliyewahi kuajiriwa anavijua, na ambaye bado hajaajiriwa tusimhuzunishe mapema.

Jina langu ni Domitila. Nilianza kazi katika shule ya msingi huko Murusagamba, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, nikifika juu ya lori la ndizi kwa kuwa wiki ile hakuna gari jingine lililothubutu ile barabara. Nilishuka nikiwa na godoro, ndoo, na sketi iliyojaa utomvu wa migomba usiotoka hadi leo. Watoto walinisubiri wamepanga mstari. Wakaimba shikamoo kwa pamoja, nami, kwa hofu, nikawajibu shikamoo. Walicheka muhula mzima.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Feliksi, mzee mwembamba aliyekuwa na koti moja la kazini na moja la kanisani, na yote mawili yalikuwa na chaki mifukoni. Ubao wetu tuliupaka kwa mkaa wa betri kuukuu uliosagwa. Chaki tuliikata vipande vitatu na kuigawana kama mgonjwa anavyogawiwa vidonge. Alinionyesha kwamba mtoto anayekaa nyuma kabisa hakai pale kwa ujinga, bali mara nyingi kwa sababu sare yake imechanika mgongoni. Alinionyesha pia namna ya kufundisha Kiswahili kwa watoto wanaoota ndoto kwa Kihangaza na Kirundi. Usiwacheke wanaposema "mwarimu", alisema, wape sababu ya kutaka kusema.

Sababu aliyowapa yeye ilikuwa mdahalo. Kila Ijumaa mchana aliwagawa pande mbili, wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kisha, walipokuwa moto kabisa, aliinuka na kusema, "Sasa hameni." Upande huu ulihamia kule, wa kule ukaja huku, na kila mmoja akalazimika kutetea alichokuwa anakiponda. Watoto walichukia sana zoezi hilo mwanzoni. Nilimuuliza kwa nini anawatesa hivyo. Akanijibu kwamba mtu aliyekaa upande mmoja tu anaijua nyumba kwa mlango wa mbele, na moto haumuulizi mtu mlango anaoujua.

Mume wangu alifariki nikiwa pale Murusagamba, na Mungu hakuwa ametujalia mtoto. Baadaye nilikwenda kusomea ualimu wa sekondari, na nilipomaliza nikapangiwa Biharamulo, katika kata ya Kaniha. Huko ndiko nilikomaliza kazi, na huko ndiko yalikotokea niliyokusudia kuwaeleza. Mengine yote mliyaona wenyewe.

Kaniha si Ngara. Kule kwetu kuna vilima na migomba, mtu analima kwa jembe la mkono na anamjua jirani yake kwa sauti ya kikohozi chake. Kaniha ardhi imelala, wenyeji wamechanganyika na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na mtu analima kwa plau inayokokotwa na maksai. Nilikuwa mgeni, mjane, na mnywaji wa chai isiyo na sukari. Hayo matatu yanatosha kumfanya mtu akae peke yake.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Rweyongeza. Sitaki mumwone mtu mbaya. Alikulia katika umaskini mkali, akasoma kwa kutembea kilomita ambazo aliziongeza kidogo kila alipozisimulia, na aliamini kwamba kilichomwokoa ni kutaka makuu. Alipaka maneno ukutani mwa ofisi kwa rangi nyekundu: ANAYETOSHEKA NA KIDOGO NI MWIZI WA KESHO YAKE. Mwanafunzi akisema anataka kuwa mkulima, alimsimamisha mbele ya gwaride na kumuuliza kama huko kwao hawana madirisha ya kuonea dunia. Watahiniwa wa kidato cha nne aliwawekea sheria yao: gwaride likianza, lango linafungwa, na aliyechelewa haingii hata kama ni siku ya mtihani.

Kisha akaletwa Mwalimu Frola, wa Baiolojia, binti mdogo kutoka Moshi, mwenye moyo mwepesi wa huruma. Alimchukua mbwa aliyevunjika mguu barabarani akamlaza jikoni kwake. Hakula nyama. Hilo halikuwa tatizo, maana nyama yenyewe tuliiona kwa nadra. Tatizo lilianza siku ya mahafali, mbuzi alipochinjwa, Frola akasimama mbele ya wazazi akasema kila anayekula pale ni muuaji, na kwamba tamaa ya mwanadamu kupanda juu ndiyo inayokanyaga viumbe vyote vilivyo chini. Wazee wa Kisukuma walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kutafuna. Tangu siku ile ofisi ya walimu ilianza kupasuka. Mkuu akisema jambo la bidii, Frola alisikia ukatili. Frola akisema jambo la huruma, mkuu alisikia uvivu. Nilijaribu mbinu ya Mwalimu Feliksi. Siku moja kwenye chai nikawaomba wahame, kila mmoja atetee upande wa mwenzake kwa dakika chache, kama mchezo. Mkuu alitazama saa. Frola aliosha kikombe chake.

Katika darasa langu la kidato cha nne alikuwepo msichana aliyeitwa Kabula. Aliishi kwa baba yake mkubwa, Mzee Masanja, kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa mbali na shule. Alikuwa na akili ya hesabu ambayo sisi walimu wa lugha huitazama kama watu wanaotazama radi: unaiona, huwezi kuielezea. Kila asubuhi kabla ya shule alifunga maksai wawili kwenye tela, akashuka mtoni, akajaza mapipa ya maji ya nyumba nzima na mifugo, akarudi, akanawa, akakimbia shule. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Aliwaita wale maksai kwa majina yao. Mkubwa aliitwa Shilinde.

Asubuhi ya mtihani wa majaribio wa Hisabati mvua ilikuwa imenyesha. Mlima wa kutoka mtoni ulikuwa tope tupu. Katikati ya mlima Shilinde alipiga magoti akakataa kuinuka. Kabula alimpiga kwa fimbo, fimbo ikakatika. Kwa mbali akasikia kengele ya shule. Akachomoa chuma cha nira, akampiga nacho. Alimpiga mgongoni, kisha kichwani, na moja ya mapigo yale likatoboa jicho. Mwendesha bodaboda aliyekuwa amesimama akingoja njia ipitike alitoa simu akarekodi. Kabula alimfungua yule maksai mwenzake, akamwacha Shilinde amelala topeni na tela nyuma yake, akakimbia. Aliingia langoni wakati linavutwa. Alikaa akafanya mtihani akiwa na damu ya ng'ombe kwenye mkono wa blauzi, na katika mtihani ule akawa wa kwanza.

Nilikuwa msimamizi wa chumba kile. Niliiona ile damu nikadhani ameumia. Nilimuuliza kwa kunong'ona kama anahitaji kwenda nje, akatikisa kichwa bila kuinua macho. Tarakimu zake zilisimama wima.

Kabla karatasi hazijakusanywa, ile video ilikuwa imefika kwenye kundi la simu la walimu. Hata sauti yake ninaikumbuka. Kabula hasikiki akitukana wala kupiga kelele. Anamwambia ng'ombe, "Inuka, nakuomba, inuka," na anampiga.

Kikao kiliitwa mchana uleule. Mwalimu Frola alizungumza kwanza huku analia. Alisema msichana yule afukuzwe shule na apelekwe polisi, kwa sababu anayemtoboa mnyama jicho leo atamtoboa mtoto kesho. Alisema hatutakiwi kumpa cheti mtu wa namna hiyo. Mkuu alimsubiri amalize, kisha akasema maneno ambayo yalinishtua zaidi ya video. Alisema ng'ombe ni chombo cha kazi kama baiskeli, na kwamba katika miaka yake yote hajaona mtoto mwenye nia kama Kabula. Alisema kesho asubuhi atamsimamisha mbele ya gwaride, wenzake wajifunze maana ya kutaka makuu.

Ofisi ikagawanyika palepale. Waliokuwa hawana maoni walipata maoni. Mwalimu wa Jiografia, ambaye nyumbani kwake alikuwa na punda mwenye vidonda, aliunga mkono kufukuzwa. Mwalimu wa Dini alisema Mungu alimpa binadamu mamlaka juu ya wanyama, akaishia hapo kama vile kitabu nacho kiliishia hapo. Hatimaye mkuu akanigeukia.

"Mwalimu Domitila, wewe ndiye mwalimu wake wa darasa. Uko upande gani?"

Nilisema, "Mtoto amekosa. Kosa lake ni kubwa, na tukae naye tumwambie hivyo bila kupaka asali. Na abaki shuleni afanye mtihani wake. Na lile lango lisifungwe tena, maana sisi pia tulikuwa tumeshika ncha moja ya kile chuma."

Frola aliniuliza kama jicho la kiumbe ni jambo la kumkalisha mtu na kuzungumza. Mkuu akasema hakuniuliza kuhusu lango. Mwalimu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo kwamba Mama anakula huku na huku. Nilikaa. Niligundua kwamba watu wote chumbani walikuwa wamekasirika, na kwamba kwa mara ya kwanza muhula ule walikuwa wamekasirikia kitu kimoja.

Video ilitoka kwenye simu zetu ikaenda nje, kama zinavyokwenda. Watu ambao hawajawahi kuiona Kaniha waliandika kwamba binti anyongwe, na wengine wakaandika kwamba apewe ufadhili. Bodi ya shule, ili kelele zipungue, iliamua Kabula akae nyumbani, arudi tu siku za mtihani wa taifa. Uamuzi huo haukumridhisha yeyote, na ndiyo sababu ulipita.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Masanja. Nilimkuta Shilinde amefungwa pembeni ya zizi, kichwa kimefunikwa kwa kanga kuukuu ili nzi wasimfikie. Bwana mifugo alikuwa ameshapita. Mzee alinipa kigoda, lakini hakukaa.

"Ninyi walimu mmeshasema yenu yote," aliniambia. "Mtoto hataki kumwona mtu wa shule."

Nilimuuliza Kabula yuko wapi. Akasema mtoni. Nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, niliona pindo la gauni likijiondoa taratibu. Ninajua wapo watakaosema ningepaswa kuingia jikoni. Mtoto aliyekwisha kutazamwa na nchi nzima ana haki ya mlango mmoja. Niliacha kifurushi cha vitabu na mitihani ya nyuma niliyoifanyia masahihisho, nikamwomba mzee amwambie kwamba nilikuja na kwamba ninamngoja darasani. Wiki nyingine nilirudi na kifurushi kingine. Mara zote alikuwa mtoni.

Kuhusu mimi, hakuna aliyegombana nami. Walinisalimia. Heshima ni kitu kizuri sana, inamwezesha mtu kukususa bila kukukosea adabu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Basi, siku imekwisha. Waliokuwa upande wa Frola walikunywa chai maabara, wa mkuu wakanywa ofisini kwake, nami nikabaki na meza ndefu ya ofisi ya walimu na birika zima. Klabu yangu ya mdahalo mkuu aliifunga, akisema watahiniwa wanahitaji muda. Nikawa ninakula mchana darasani, baada ya watoto kutoka, nikitazama ubao nilioufuta mwenyewe. Jioni nilifunga mlango wa nyumba ya mwalimu nikawasha redio ili pawepo na mtu anayezungumza.

Nilichochoka nacho hakikuwa upweke wenyewe, maana huo nilikuwa nimeuzoea. Nilichochoka nacho ni kuona kwamba watu wenye elimu, wenye mioyo mizuri, wameshindwa kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwamba mnyama aliumizwa na ni dhambi. Kwamba mtoto ni mwema na anataka kusoma. Mama yeyote wa pale Kaniha anabeba ndoo kichwani, mtoto mgongoni na kuni mkononi, na bado anakusalimia. Sisi tulishindwa mawili.

Kabula alikuja siku za mtihani wa taifa akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Alipita karibu yangu kila asubuhi akanipa shikamoo akitazama ukuta. Alifaulu vizuri sana. Akapangiwa shule ya mbali, akaondoka bila kuaga. Mkuu alibandika picha yake ofisini chini ya yale maneno mekundu. Frola aliomba uhamisho mwaka uliofuata. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni kwangu na yule mbwa wake anayechechemea, kana kwamba anataka kusema kitu, kisha gari likapiga honi. Mkuu naye alihamishwa baadaye, na mkuu mpya, mtu wa maneno machache, aliacha lango wazi bila kumwambia yeyote kwa nini. Niliendelea kufundisha. Nikafufua mdahalo. Wengi wenu mlinikuta hapo, mkadhani mimi ni mtu mkimya kwa asili.

Baada ya kustaafu nilirudi Murukulazo. Majirani ni Wakatoliki wema, tunaonana misani, lakini nimeishi mbali muda mrefu mno na wao wana wajukuu wa kuzungumzia. Miezi michache iliyopita nilianza kuamka na kichwa kizito, nikaamua kwenda zahanati kupima presha. Nilikaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto. Zamu yangu ilipofika nikaingia, nikamkuta tabibu mpya, mwanamke kijana mwenye koti jeupe, ameinamia karatasi. Aliuliza jina. Nikataja. Kalamu ikasimama.

Alikuwa Kabula.

Aliinuka akanipa shikamoo, safari hii akinitazama. Nilifurahi mpaka nikasahau ugonjwa. Yeye hakutabasamu. Alinifunga kile kitambaa cha mkononi, akajaza upepo, akasikiliza, akaandika. Akasema presha iko juu. Kisha, bila kunifungua, akasema, "Mwalimu, nimekaa na swali moja tangu shule. Naomba unisamehe nikiuliza."

Nilimwambia aulize.

"Kwa nini ulisema nifukuzwe?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyeyapanga maneno yake muda mrefu. Alisema siku ile ya kikao, kabla hajafika nyumbani, aliambiwa na watu wawili tofauti kwamba Mwalimu Domitila mwenyewe, mwalimu wake wa darasa, alisimama akasema amekosa na kosa lake ni kubwa. Mwalimu Frola kusema hivyo hakumshangaza. Mkuu kumsifu kulimchukiza, kwa sababu yeye Kabula ndiye aliyekuwa akiosha lile jicho kila asubuhi mpaka likafunga. Lakini mimi alinitegemea. Alipoona bodi imemrudisha nyumbani, alijua ni kwa neno langu. Vile vitabu alivitambua kwa mwandiko wangu wa masahihisho. Alivisoma vyote, alisema, kwa hasira.

"Nilisema umekosa," nilimjibu. "Hayo niliyasema na sitayakana. Nikasema pia ubaki shuleni, na kwamba lango lisifungwe. Niliyasema yote kwa pumzi moja."

Nje mtoto alikuwa akilia kwa ajili ya sindano, mama yake akimbembeleza kwa Kihangaza. Kabula alitazama mikono yake.

"Mimi niliambiwa nusu ya kwanza tu," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba wapo waliosikia nusu ya pili tu, na ndio walionisusa kwa sababu ya wanyama. Badala yake nilimuuliza habari za Shilinde. Akasema baba mkubwa alikataa kumuuza, akamfundisha kufanya kazi upande wa kushoto ili jicho zima liwe upande wa mwenzake, na Shilinde akafa kwa uzee. Akasema likizo zote alimkatia majani mwenyewe. Alikuwa akimkaribia kwa upande wa jicho lililobaki, ili amwone kwamba anakuja.

Kisha akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu wa kazi. Akasema ile presha aliyoandika haifai kuaminiwa, kwa kuwa amenipima huku ananikasirikia na bila shaka mimi nilihisi. Akavuta kiti chake akakisogeza upande wangu wa meza.

"Kaa utulie, Mwalimu," alisema. "Tupime upya."